Pampu ya kuoshea paa huchaguliwa kuanzia juu ya paa

Masika yakishakatika, mwezi wa sita hivi, mapaa ya Dar es Salaam hayafichi kitu. Upande usiopigwa na jua umeota kijani, chini ya mwembe kuna michirizi myeusi, na vigae vya saruji vimekaa kama sufuria ya kuni. Hapo ndipo simu zinapoanza kuingia kwa sisi tunaoosha mapaa, na hapo ndipo vijana wanaotaka kuingia kwenye kazi hii wananiuliza swali lilelile: "Kaka, ninunue mashine ya presha ngapi?"

Naelewa swali linatoka wapi. Dukani namba kubwa kabisa kwenye boksi ni ya presha, na muuzaji naye anaanzia hapo. Ila kuvu na mwani havimalizwi kwa kupigwa na maji. Vinamalizwa na dawa, yaani jiki au klorini, iliyopewa muda wa kufanya kazi. Kazi ya pampu ni kuifikisha hiyo dawa juu kwa kiasi unachokijua, bila kuliumiza paa na bila dawa kuitafuna pampu yenyewe. Kwa hiyo mimi nachagua nikishuka: naanza na paa, nafuata dawa, napita kwenye mpira wa kupitishia maji, na pampu naifikia mwisho.

Paa linaruhusu nini

Mwaka wangu wa kwanza nilipanda juu ya nyumba yenye vile vigae vya bati vilivyonyunyiziwa changarawe, mkononi nina mashine ya presha kubwa. Kijani kilikuwa kinaondoka vizuri mno. Baada ya saa mbili nikachungulia kwenye mfereji wa paa, nikakuta umejaa mchanga wa kahawia, rangi ileile ya vigae. Niliuzoa kwa viganja, ndoo ikakaribia kujaa. Ule haukuwa uchafu. Ilikuwa changarawe yenyewe, ile inayokinga bati lisichomwe na jua, na hakuna namna ya kuirudisha. Nilimweleza mwenye nyumba ukweli na sikuchukua malipo.

Kila paa lina namna yake ya kuumia. Kigae cha udongo au cha saruji kikipigwa na presha kubwa kinachubuka uso. Siku hiyo kinang'aa, lakini sasa kina vitundu vingi zaidi vya kushika unyevu, na masika ijayo kijani kinarudi haraka kuliko mwanzo. Mabati ya rangi yanabanduka rangi kwenye misumari na kwenye maungio, na maji yakirushwa kwa nguvu kutoka chini kwenda juu yanapenya kwenye mpishano wa bati na kushukia dari. Mapaa ya asbesto, ambayo bado yapo kwenye majengo mengi ya zamani, usiyaguse kabisa: ukiyasugua au kuyapiga maji unaachia nyuzinyuzi zinazoleta ugonjwa wa mapafu na saratani, na hakuna pampu ya kulitatua hilo. Makuti nayo hayaoshwi. Linalobaki la kupigwa presha kwa amani ni paa bapa la zege, na hata hapo nyufa zikaguliwe kwanza.

Mapaa karibu yote, basi, yanataka presha ndogo: maji yatoke kwa nguvu isiyozidi sana ya mpira wa bustani. Wenzetu Marekani walilifikia hilo kwa njia yao. Kule nyumba nyingi zimeezekwa kwa vipande vya lami vyenye changarawe, na ile michirizi myeusi inatokana na kijidudu kiitwacho Gloeocapsa magma, kinachokula unga wa chokaa uliomo ndani ya lami. Chama cha watengenezaji wa mapaa hayo, ARMA, kinakataza mashine za presha na kinashauri mchanganyiko wa nusu jiki ya kufulia na nusu maji, ukae dakika 15 hadi 20, kisha usuuzwe taratibu. Nalitaja kwa sababu pampu nyingi na video nyingi za mafunzo unazoziona mtandaoni zimetengenezwa kwa ajili ya paa hilo. Ukichukua kipimo hicho kama kilivyo ukakimwaga kwenye mabati ya Kimara hapa Dar, unaharibu mabati.

Dawa ndiyo inayoamua pampu

Jiki ni haipokloraiti ya sodiamu iliyoyeyushwa kwenye maji. Ile ya dukani huwa na nguvu ya asilimia 3 na ushee, na kwa kazi ya biashara inakuwa ghali. Wauzaji wa kemikali wanauza ya asilimia 10 hadi 12 kwenye madumu ya lita 20. Dumu moja la asilimia 12 ukiliongezea madumu matatu ya maji unapata lita 80 za asilimia 3, kipimo ninachotumia kwa vigae vya udongo na saruji vilivyooza kijani. Kwa mabati nashuka hadi asilimia 1 au chini yake, namwagilia asubuhi na mapema, na sisubiri ikauke, maana klorini inakula zinki na alumini, na hizo ndizo zinazolikinga bati na kutu. Bati lisilo na rangi naliosha kwa sabuni na brashi laini, basi.

Kuna pia klorini ya unga, ile ya ndoo ya kutibia maji ya bwawa, yenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70. Bei yake inavutia na inasafirishika kirahisi. Tatizo ni kwamba hiyo ni haipokloraiti ya kalisi, na haiyeyuki yote. Inaacha tope jeupe chini ya pipa, na tope hilo likiingia kwenye pampu linakaa kwenye vali, ile milango midogo ya maji, na kuzizuia zisifunge. Anayelazimika kuitumia aikoroge jana yake, aiache itulie usiku kucha, kisha achote maji ya juu tu, tena kupitia kitambaa.

Sasa hapa ndipo pampu inapoingia. Dawa inayoua kuvu inakula na vitu vingine. Brasi inageuka kijani. Alumini inachimbika vishimo. Hata chuma cha pua cha kawaida, ambacho watu wanakiamini kwa kila kitu, springi zake nyembamba zinaota kutu na kukatika. Mpira wa kawaida mweusi wa sili (vizuizi vya kuvuja), ule wa naitraili unaofaa sana kwa mafuta, unakakamaa na kupasuka. Vinavyostahimili ni plastiki za polipropilini, PVC na polithini ngumu, na kwa upande wa mipira ya sili ni Viton na EPDM, pamoja na Santoprene kwenye viwambo, zile ngozi za mpira zinazosukuma dawa ndani ya baadhi ya pampu. Haya majina yameandikwa kwenye kibandiko cha pampu au kwenye karatasi ya ndani ya boksi. Muuzaji asipoyajua, fungua boksi usome mwenyewe kabla hujatoa hela. Kwangu mimi mstari huo mmoja una thamani kuliko namba ya presha.

Pampu zilizopo sokoni

Mashine ya presha, ile yenye pistoni tatu za kauri ndani, inasukuma maji machache kwa nguvu nyingi. Nguvu yake inapimika kirahisi: zidisha baa (kipimo cha presha) kwa lita za dakika moja, gawa kwa 600, unapata kilowati. Mashine ya baa 200 na lita 15 kwa dakika inahitaji kilowati 5 kabla ya kuhesabu upotevu wowote. Plagi ya nyumbani ya ampea 13 kwa volti 230 haivuki kilowati 3, kwa hiyo mashine ya umeme inayojinadi kwa baa 200 ni lazima iwe inatoa maji kidogo sana. Linganisha na pampu ndogo ya baa 4 inayotoa lita 15: kilowati 0.1, nguvu ya balbu moja ya zamani. Hiyo ndiyo nguvu ambayo dawa inaihitaji ili ifike kwenye paa. Mashine ya presha niliyonayo sasa inaosha zege na uwanja wa mteja baada ya kazi. Dawa haipiti ndani yake hata siku moja, kwa sababu kichwa chake, sehemu maji yanamopita, ni brasi. Wapo wanaotumia kile kifyonzi kinachofungwa baada ya pampu ili dawa isipite kwenye kichwa. Njia hiyo ni nzuri kwa kuta, lakini inaizimua dawa mara kumi hadi ishirini, na kwa paa lenye kuvu la miaka mitano haitoshi.

Zile pampu za mkanda zinazotumika sehemu za kuoshea magari na kwenye mashamba ya maembe zinapatikana kila mkoa, spea zake zipo, fundi anazijua. Zina silinda za brasi na mwili wa chuma au alumini. Zinafaa kusuuzia kwa presha ndogo. Ukipitisha klorini, utakuwa unanunua sili na vali kila mara.

Bomba la mgongoni la lita 16 au 20, lile la wakulima, nalipenda kuliko watu wanavyodhani. Ni la plastiki, bei yake ni ndogo, na kwa kijana anayeanza na nyumba ndogo za chini linatosha kupata wateja watano wa kwanza. Ubaya wake ni kwamba mtu anapanda paa lenye utelezi na kilo 20 mgongoni. Nawaambia vijana wangu bomba libaki chini au kwenye ngazi iliyofungwa, na wapulize kwa fimbo ndefu.

Pampu inayobeba biashara ya kawaida ni ile ya kiwambo ya volti 12, iliyozoeleka kwenye maboti, magari ya safari na mashine za kupulizia mashamba. Ndani yake mota inasukuma na kuvuta viwambo vya mpira, na dawa haigusani na mota wala oili. Inavuta yenyewe kutoka kwenye pipa lililo chini yake, inavumilia kukauka kwa muda mfupi, na ina swichi inayoizima ukiachia kifyatuo. Inatumia betri, hivyo umeme wa TANESCO ukikatika kazi inaendelea. Tafuta yenye kiwambo cha Santoprene na vali za Viton.

Juu ya hapo kuna pampu za kiwambo zinazoendeshwa na injini ya petroli, kwa anayeosha maghala na shule. Na kuna zile za hewa, zenye viwambo viwili vinavyopokezana, alizozibuni Jim Wilden huko Marekani mwaka 1955. Hizo ni ngumu kufa, hazina umeme wa kuungua, lakini zinataka kompresa kubwa, na kompresa inataka gari la kuibeba. Nimeziona zikifanya kazi vizuri. Kwa biashara ya watu wawili na kirikuu, sizishauri.

Mpira unakula presha kuliko urefu wa nyumba

Watu wanaogopa ghorofa. Wanadhani pampu ndogo haitapandisha maji. Kupanda mita 10 kunakula karibu baa 1 tu, hivyo nyumba ya ghorofa moja yenye paa kwenye mita 6 au 7 inakula baa 0.7. Mwizi mkubwa ni msuguano ndani ya mpira.

Chukua pampu inayotoa lita 19 kwa dakika na kuzima kwenye baa 7. Iunganishe na mita 60 za mpira wa nusu inchi, urefu wa kawaida ukitaka kulizunguka jengo bila kuhamisha gari. Kwa mtiririko huo, msuguano peke yake unakula karibu baa 3.7. Toa na ile 0.7 ya kupanda: hata kama pampu ingekupa zile baa 7 zote, unabaki na baa 2.6 kwenye nozeli, ule mdomo wa kutolea dawa. Badilisha uweke mpira wa robo tatu inchi, upotevu unashuka hadi nusu baa. Weka mwembamba wa inchi tatu ya nane, kwa sababu ni mwepesi na bei yake ni nzuri, na hesabu inadai baa 15, ambazo pampu haina. Maana yake ni kwamba maji yatapungua mpaka yalingane na uwezo, na wewe juu ya paa utaona mtirizi unaokufa na kusema pampu ni mbovu. Upotevu unafuata kipenyo kwa ukali wa kutisha: ukipunguza upana wa mpira kwa nusu, msuguano unaongezeka karibu mara 30.

Kwa nini basi tusitumie robo tatu siku zote? Kwa sababu ya uzito. Mita 60 za robo tatu zinashika kilo 17 za maji, na za nusu inchi hazifiki kilo 8. Kijana aliye kwenye ngazi anaihisi tofauti hiyo begani. Ninachofanya ni kutumia mita 45 za robo tatu kutoka kwenye gari hadi chini ya ngazi, kisha mita 15 za nusu inchi kupanda juu. Presha inabaki na bega linapona.

Jambo la pili ni kwamba hauhitaji lita 19. Zile lita 80 za mchanganyiko zinaisha kwa dakika nne na sekunde chache ukishikilia kifyatuo, na dawa inayozidi inashukia kwenye maua ya mteja. Kwa nyumba za kuishi, lita 10 hadi 12 kwa dakika zinatosha, na kwa mtiririko huo hata mita 60 za nusu inchi zinapoteza baa moja na nusu hivi. Pampu kubwa ina maana pale unapoosha bati la ghala na unataka kumaliza kabla jua halijapanda.

Namba za kwenye boksi pia zina adabu zake. "Lita 19" ni kipimo cha mdomo ukiwa wazi, bila mpira wala nozeli. "Baa 7" ni mahali swichi inapozima, maji yakiwa hayatoki kabisa. Pampu haikupi vyote viwili kwa wakati mmoja.

Umeme nao unapotea njiani kama maji. Pampu ya volti 12 inayovuta ampea 15, ikifungwa kwa waya wa milimita 2.5 za mraba kutoka kwenye betri iliyo mita 6 mbele, inapoteza volti 1.26, zaidi ya asilimia 10. Mota inazunguka kinyonge, inapata joto, na baada ya miezi brashi zake zimeisha. Kwa waya wa milimita 6 unapoteza nusu volti. Weka betri karibu na pampu, weka fyuzi karibu na betri, na viunganishi vipakwe grisi, maana mvuke wa klorini unakula shaba ya waya kabla haujagusa kitu kingine. Betri ya ampea-saa 100 ya aina ya sola inatoa saa tatu za kusukuma mfululizo bila kuishusha chini ya nusu. Siku nzima ya kazi haifiki hapo, kwa sababu muda mwingi unapita dawa ikiwa imekaa juu ya paa.

Na kabla ya kuwasha chochote, chomoa bomba linaloingiza maji ya mvua kwenye simtanki. Familia nyingi zinakunywa maji hayo. Rudi baadaye usuuze mifereji mara mbili, na mwambie mwenye nyumba aiache mvua ya kwanza imwagike nje.

Pampu inaharibikia stoo

Nimefungua pampu nyingi zilizokufa, zangu na za wenzangu, na chache mno ndizo zilizokufa kwa kuchoka. Nyingi zilikufa usiku, zikiwa zimezimwa. Klorini iliyobaki ndani inaendelea kutafuna. Ikikauka inaacha chumvi, na fuwele za chumvi zinagandisha vali kwenye vitako vyake. Asubuhi mota inalia lakini maji hayaji, au swichi haizimi, na mwenye pampu anasema imeungua.

Kwa hiyo kabla ya kukunja mpira, ndoo moja ya lita 20 ya maji safi inapita kwenye mkondo wote: chujio, pampu, mpira, bunduki ya kupulizia, nozeli. Nusu ndoo haitoshi, maana ule mpira wa robo tatu wa mita 45 peke yake unashika karibu lita 13, na maji yanayotoka mwanzoni ni dawa uliyoiacha. Harufu ya klorini ikiisha kwenye nozeli, ndipo unasimamisha. Kisha pampu inaachwa ivute hewa sekunde chache ijikaushe. Kazi hii ni ya dakika tano na inafanyika kila siku, hata kama kesho asubuhi mnaosha tena.

Maji ya kusuuzia yenyewe yana maneno. Visima vingi vya Dar, hasa karibu na bahari, vina maji ya chumvi au maji magumu yanayoacha magamba meupe kwenye birika. Magamba hayohayo yanakaa kwenye vali. Nabeba dumu moja la maji ya bomba au ya mvua kwa ajili ya pampu tu. Magari yanayoosha paa Mombasa na Zanzibar yana shida ya ziada, kwa kuwa hewa ya bahari inakula mota kutoka nje wakati dawa inaila pampu kutoka ndani. Mota ikae kwenye boksi lenye matundu, mbali na mapipa. Kuifungia pamoja na madumu ya klorini kwenye stoo moja isiyo na dirisha ni kuiua taratibu, na dawa yenyewe inapoteza nguvu kwenye joto. Dumu lililopigwa jua wiki kadhaa halina tena ile asilimia 12 uliyoilipia.

Chujio la kuingilia ndilo mlinzi wa bei nafuu kuliko vyote. Lifungue kila jioni. Ukiona pampu inatoa sauti ya kukohoa, na maji yanatoka yakikatika, usikimbilie kufungua kichwa: angalia kwanza klipu za upande wa kuvuta. Tundu dogo upande huo halidondoshi maji bali linaingiza hewa, kwa hiyo halionekani. Paka povu la sabuni kwenye kiungio, pampu ikiwa inafanya kazi. Povu likifyonzwa ndani, umempata mgonjwa. Pampu ikiwaka na kuzima kila sekunde wakati nozeli iko wazi, mara nyingi nozeli ni ndogo kuliko mtiririko. Weka kubwa zaidi, au funga kitangi kidogo cha hewa baada ya pampu kiwe kinapokea mishtuko. Swichi inayogonga hivyo siku nzima haimalizi msimu.

Kwa wenye mashine ya presha, adui ni tofauti. Ukiachia kifyatuo injini ikiwa inaendelea, maji yanazunguka ndani ya kichwa na kupata joto, na baada ya dakika chache sili zinapikwa. Zima injini, usiiache ikinguruma huku unaongea na mteja. Mpira wa kuingiza maji uwe mfupi na mpana; ukisikia sauti kama kokoto zinazunguka ndani, pampu inakosa maji na inajila. Oili ya kichwa kwenye pampu nyingi za aina hii inabadilishwa baada ya saa 50 za kwanza, kisha kila saa 500, na ikigeuka rangi ya maziwa maji yameshapita kwenye sili. Injini ndogo ya petroli aina ya Honda GX160, na zile za Kichina zinazoifuata, inabeba oili lita 0.6 hivi, ya kwanza imwagwe baada ya saa 20, zinazofuata kila saa 100. Saa hizo uziandike kwa kalamu kwenye daftari linalokaa garini. Hakuna anayezikumbuka kichwani.

Katika begi langu kuna kiwambo cha akiba, seti ya vali, swichi, oringi (pete za mpira) kumi za Viton, fyuzi na tepu nyeupe ya mafundi bomba. Na kuna pampu ya pili, ndogo, isiyowahi kutumika zaidi ya mara nne. Niliinunua baada ya siku moja niliyoacha nusu ya paa la mteja limepakwa dawa, pampu imekata, na sina cha kusuuzia zaidi ya ndoo na kikombe. Ukiwa na hela ya pampu moja kubwa, nunua mbili za wastani zinazotumia spea zilezile.

Ikitokea umerithi au umenunua pampu iliyoganda, usiipige nyundo wala usiikwanyue. Magamba meupe yanalainishwa na siki ya mezani iliyochanganywa na maji ya uvuguvugu, ikae ndani saa moja. Lakini kabla siki haijakaribia pampu hiyo, pitisha ndoo tatu za maji matupu, fungua kichwa, nusa, na kama bado inanuka jiki ongeza ya nne. Siki au asidi yoyote ikikutana na klorini iliyojificha kwenye vali inatoa gesi inayounguza mapafu, na gesi hiyo ni nzito, inatambaa chini palepale ulipochuchumaa. Kazi hiyo naifanyia uwanjani, upepo ukitokea mgongoni, na watoto nawaambia waingie ndani.